UZI: Ghala na kitalu cha nyumbani, wa Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

Mzee wa Kihenge (mleta uzi)

Kamwene wakuu. Mahindi ndo yanaanikwa saizi, ukipita barabarani kuanzia Mafinga, Makambako mpaka Igawa ni maturubai tu. Na ni kipindi hiki hiki watu wanauza karibu kila kitu afu ikifika Januari wanarudi sokoni na sado kununua mahindi yaleyale. Silaumu mtu, deni la mbolea halisubiri bei ipande. Ila uzi huu ni wa yule anayesema mwaka huu nyumba yangu haitanunua unga, na ikiwezekana haitanunua na miche ya nyanya.

Tuanze na hesabu maana wengi tunabahatisha. Chukulia mtu anakula unga gramu 400 kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 146. Nyumba ya watu sita ni kilo 876, yaani karibu gunia tisa za kilo mia. Utasema kuna siku mnakula wali, kuna siku viazi, sawa, toa. Afu ongeza wageni, ongeza kuku wanaodonoa, ongeza na msiba wa jirani ambao lazima upeleke debe. Unarudi palepale. Na kama nyumba yenu haili dona mnakula sembe basi ongeza tena, pumba inabaki mashineni sio tumboni.

Sasa hizo gunia tisa utazilinda vipi mpaka Juni ijayo? Hapa watu wanakimbilia kuuliza dawa. Mi nasema swali la kwanza ni unyevu, la pili unyevu, dawa inakuja baadaye sana. Punje isiyozidi asilimia 13 ya unyevu inakaa. Ikizidi hapo ukungu unaanza, joto linapanda ndani ya gunia, wadudu wanashangilia. Na ukungu sio harufu tu, kuna sumukuvu ndani yake, mnakumbuka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi ya hivyo. Kupika hakuiondoi ile sumu, tusidanganyane.

Kama huna kipimo tumia chumvi. Chupa ya glasi kavu yenye mfuniko, weka punje mpaka theluthi ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi uliyoikausha vizuri (chumvi yenyewe ikiwa na majimaji itakudanganya), funga, tikisa dakika kadhaa, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa basi unyevu umezidi 15, rudisha turubaini. Isipoganda kabisa uko chini ya 15, lakini usishangilie, anika tena siku mbili za jua kali ndo ufikirie kufunga.

Sehemu ya mbegu na kitalu naleta baadaye, ngoja kwanza tuongee ghala.

---

Binti Rungwe

Ndaga mzee. Jua kali la wapi sasa? Wewe uko upande wa Makambako upepo unakausha mpaka midomo. Sisi huku Tukuyu Juni bado ina manyunyu na ukungu mpaka saa nne asubuhi. Turubai tunatoa tunaingiza tunatoa tunaingiza mpaka mgongo unauma.

---

Mzee wa Kihenge

Binti Rungwe uko sahihi, huko kwenu mwaka unaweza kupata mvua zaidi ya milimita 2,000, huwezi kufanya kama mtu wa Isimani kule kukavu. Kwenu msipukuchue mapema. Menya maganda, mahindi na magunzi yake yaweke kwenye kichanja chenye paa, chembamba. Wembamba ndo siri, upana usizidi futi mbili hivi ili upepo upite toka upande huu utokee ule. Ukijenga kipana kama chumba katikati pataoza. Miguu ya kichanja ivalishe mabati ya kuzuia panya. Ikishakauka ndo unapukuchua, unamalizia juani siku zinazoruhusu, unafunga. Usiyaache na magunzi mwaka mzima maana dumuzi (mdudu anayetoboa mahindi) anapenda sana hindi likiwa bado kwenye gunzi, anapata pa kushikilia akitoboa.

---

Bibi wa Mufindi

Wajukuu zangu na dari je? Sisi tulikua tunapandisha darini juu ya jiko, moshi unapiga kila siku, mpaka mahindi yanakua meusi kwa nje. Hamna mdudu.

---

Mzee wa Kihenge

Shikamoo bibi. Dari ilifanya kazi na bado inafanya, moshi unakausha na wadudu hawaupendi. Shida ilikuja na dumuzi, huyu sio mdudu wa zamani wa huku, alitokea Amerika ya Kati akaingia nchini huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 70, na huyu hata mbao anatoboa. Na siku hizi nyumba ni za bati na jiko ni la gesi, moshi tutautoa wapi bibi. Ila kwa mahindi ya mbegu dari bado naipigia saluti, nitafika huko.

---

Fundi Bati Iringa

Wakuu mi natengeneza vihenge vya bati. Mteja akinunua namwambia akishajaza awashe mshumaa juu ya mahindi ndani afu afunge, mshumaa unakula hewa yote wadudu wanakufa. Njia rahisi haina dawa.

---

Mzee wa Kihenge

Fundi kihenge chako nakikubali, panya hagusi na kinadumu miaka. Ila mshumaa haumalizi hewa. Unazimika oksijeni ikishuka kidogo tu, hewa ya kawaida ina asilimia 21 na mshumaa unazima kwenye 16 hivi, hapo fukusi (mdudu mwingine wa mahindi) bado anapumua vizuri tu. Kinachoua ni wadudu wenyewe kuimaliza hewa iliyobaki, na hiyo inatokea pale tu kihenge kimejaa na kimezibwa kwelikweli mdomo wa juu na wa chini, watu wanazungushia mpira wa tairi la baiskeli. Kihenge kilichojaa nusu kina hewa nyingi, hapo mtu asubiri tu unga wa dumuzi.

Na msiweke mahindi yenye unyevu kwenye bati. Usiku baridi ya huku inapiga bati, jasho linatoka ndani, mahindi ya pembeni yanaota.

Mifuko ya kinga njaa ni kanuni ileile ya kukosa hewa. Asili yake ni kunde, watu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walianza nayo Kameruni mwishoni mwa miaka ya 80, wanaiita PICS. Nailoni mbili ngumu ndani na kiroba cha kawaida nje. Unajaza nailoni ya ndani kwanza, unashindilia, unakamua hewa, unasokota shingo, unaikunja, unafunga kwa mpira. Afu ya pili hivyohivyo. Afu ya nje. Watu wengi wanafunga zote tatu kwa fundo moja mwishoni, hapo umenunua kiroba cha bei ghali. Kabla ya kujaza pulizia hewa kila nailoni kama unataka kuipasua usikilize kama inavuja. Na usifungue fungue kila wiki kuchota mahindi, tenga gunia la kula na gunia za kulala.

---

Kijana Mwanjelwa

Mzee hizo nailoni bei yake ukilinganisha na kiroba ni mara nyingi. Mi natumia vumbi tu la Actellic Super, nachanganya naweka. Kuna ubaya?

---

Mzee wa Kihenge

Hakuna ubaya ukipima. Gramu 100 kwa gunia la kilo 90 mpaka 100, sio kumwaga kwa kiganja. Humo ndani kuna sumu mbili, pirimiphos-methyl inashughulika na fukusi na permethrin ndo ya dumuzi, ndo maana vumbi lenye moja tu linamwacha mmoja anadunda. Changanya kwenye turubai kwa koleo mpaka kila punje iguswe, usinyunyize juu ya gunia ukadhani litashuka lenyewe. Angalia tarehe ya mwisho, na fuata maelezo ya pakiti kuhusu siku za kusubiri kabla ya kula. Bei ya nailoni gawanya kwa misimu, ikitunzwa vizuri unaitumia tena.

Kitu ambacho sitaki kukiona kabisa ni vile vidonge vya fostoksini watu wanatumbukiza kwenye gunia chumba wanacholala. Kidonge kikikutana na unyevu kinatoa gesi, hiyo gesi haichagui panya na mtoto. Asiyekua na mtaalamu na jengo la peke yake asiguse. Basi.

---

Mama Wawili Vwawa

Hapo kwenye vidonge naomba watu wasome mara mbili. Mtaani kwetu familia iliponea hospitali.

Swali langu ni maharage. Tunavuna masafi, tunafunga, ukifungua Oktoba yana matundu na vijidudu vinatembea. Vinaingilia wapi?

---

Mzee wa Kihenge

Dada pole. Haviingii, unakuja navyo toka shambani. Yule mdudu anatagia kwenye maganda yaliyokauka shambani, kwa hiyo ukichelewa kuvuna unamkaribisha. Pura mapema, anika, funga kwenye kinga njaa mapema, isipite wiki.

Kama ni maharage machache ya debe moja mbili kuna njia ya bure ambayo watu wanaicheka, nayo ni kubiringisha. Weka maharage kwenye ndoo au gunia lisilojaa sana, libiringishe asubuhi na jioni. Mtoto wa mdudu akitoka kwenye yai anahitaji masaa mengi kutoboa harage moja, na lazima ajiegemeze kwenye harage la jirani ndo apate nguvu. Ukimvuruga kila mara anaanza upya mpaka anakufa na njaa. Watafiti wameshaipima hii ikapunguza wadudu sana. Wape watoto kazi hiyo kabla ya shule.

---

Mzee wa Kihenge

Haya, SEHEMU YA PILI, mbegu.

Mbegu ni chakula kilichofungwa kwa muda mrefu zaidi, ndo maana nimeanza na ghala. Wataalamu wana kanuni yao, unyevu wa mbegu ukishuka asilimia moja umri wake unakaribia mara mbili, na joto la chumba likishuka nyuzi tano umri unakaribia mara mbili tena. Sasa fikiria mtu wa Njombe au Makete, baridi anapewa bure na Mungu, mbegu zake zingeweza kukaa kuliko za mtu wa Kyela au Usangu kwenye joto, ila anaziweka kwenye kikopo kisichofungwa jikoni zinanyonya mvuke wa chungu. Weka kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko unaokaza. Kama huna uhakika na ukavu, kaanga mchele mpaka uwe wa kahawia, uache upoe ukiwa umefunikwa, funga kwenye kitambaa, tumbukiza humo na mbegu. Unanyonya majimaji. Andika jina na mwaka kwenye karatasi uweke NDANI, ya nje inadondoka.

Umri haufanani. Vitunguu mwaka mmoja, miwili ni bahati. Mahindi na maharage miaka miwili mitatu. Nyanya na kabichi minne. Maboga na matango hata mitano.

Mbegu gani uhifadhi mwenyewe? Maharage bila wasiwasi, yanajichavusha yenyewe, Uyole Njano yako ya leo ni Uyole Njano ya kesho mradi umechagua mashina yenye afya. Nyanya kama Tanya au Cal J pia. Kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, ziache zichachuke siku mbili tatu, osha, anika kivulini kwenye sahani. Ile ya F1 (chotara, mbegu ya kuchanganya aina mbili) usihangaike nayo, kizazi cha pili kila mche unakua na akili yake.

---

Kijana Mwanjelwa

Hapo kwenye F1. Baba yangu anarudia mahindi ya UH6303 kila mwaka anachagua mahindi makubwa makubwa. Anasema duka la pembejeo ni wezi.

---

Mzee wa Kihenge

Mwambie mzee shikamoo zake, UH6303 ya kituo cha utafiti cha Uyole ni mbegu nzuri sana ya ukanda wetu ila ni chotara. Ukirudia unapata mahindi ndio, lakini mengine marefu mengine mafupi, na mavuno yanashuka hata uchague hindi kubwa namna gani. Akitaka kujitegemea kweli atafute mbegu ya kurudia kama Kilima au Staha, aulize kwanza bwana shamba ipi inafaa mwinuko wenu, apande mbali na chotara ya jirani mita 200 au apishanishe wiki tatu nne, maana chavua ya mahindi inasafiri na upepo. Achague mashina yakiwa bado shambani, ya katikati, mengi kabisa kama mia hivi sio matano, asichague ghalani kwa ukubwa wa hindi. Hayo ndo ya bibi wa Mufindi, yaning'inizwe darini.

Mimi binafsi chotara nanunua kwa ajili ya shamba la kuuza, cha kula nalima ya kurudia. Na nikinunua nakwangua ile lebo ya TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu) natuma namba nione kama ni halali. Wezi wapo kweli ila dawa yake sio kurudia chotara.

---

Binti Rungwe

Na viazi? Maana viazi ndo vinatumaliza, ukihifadhi vya kula vinakua kijani, ukihifadhi vya mbegu vinatoa machipukizi marefu meupe yanakatika.

---

Mzee wa Kihenge

Umevigeuza dada. Vya kula vinataka GIZA, baridi na hewa, kijani ni dalili ya sumu inayotokana na mwanga, ukikuta kijani kata pembeni kwa unene au tupa. Vya mbegu ndo vinataka mwanga, ila sio jua la moja kwa moja. Panga kwenye kichanja chenye ngazi, tabaka mbili tatu, chini ya paa, kuta wazi za mianzi. Chipukizi linakua fupi, nene, la kijani, halikatiki.

Na mbegu ya viazi inachaguliwa viazi vikiwa na maua. Tembea shambani, mashina mazuri yachomekee vijiti, hayo ndo utachimba peke yake. Shina likinyauka mchana huku majani bado ya kijani, kata kipande cha bua la chini likaning'inie kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, shamba hilo usitoe mbegu hata kiazi kimoja, na usirudishe viazi wala nyanya hapo kwa misimu kadhaa.

---

Mama Trei Ilula

Mzee umesahau kitalu. Niongezee mimi maana ndo kazi yangu, nyanya na vitunguu.

Watu wa vinyungu (bustani za mabondeni) wanaanza kitalu Juni Julai na huo ndo mwezi mbaya kabisa wa baridi. Nyanya inapenda nyuzi 20 mpaka 30, chini ya 10 haitoki kabisa, mbegu inalala udongoni inaoza mtu anasema kauziwa mbegu feki. Sisi trei tunaweka ndani karibu na jiko mpaka ziote, siku ileile ukiona shingo ya kwanza inatoka ardhini unazihamisha kwenye mwanga. Siku ileile. Ukichelewa miche inarefuka inalala chini. Nje funika usiku kwa nailoni nyeupe kwenye fito, asubuhi fungua.

Udongo: madebe matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza haswa (ikinuka bado), moja la mchanga. Uchome, rundika maganda ya mahindi juu ya tuta uwashe, au mwagia maji yanayochemka acha upoe. Hii ni kwa ajili ya kinyausi, ule ugonjwa mche unakatika shingoni kwenye usawa wa udongo unalala. Kinyausi kinapenda majimaji na msongamano. Mwagilia asubuhi sio jioni, sia kwenye mistari, sentimita moja kwenda chini basi, watu wanamwaga mbegu kama wanalisha kuku.

Trei za mayai zinafaa ila zinakauka haraka, chupa za maji zilizokatwa nusu na kutobolewa chini ni bora. Wiki moja kabla ya kuhamisha punguza maji, ondoa kivuli kidogo kidogo, mche ukomae. Nyanya wiki nne mpaka tano, kwenye baridi hata sita. Vitunguu sita mpaka nane.

---

Mzee wa Kihenge

Mama Trei asante, hapo kwenye mwanga siku ileile nakazia. Watu huku juu Makete na Uwemba wajue pia Julai kuna umande unaoganda, nyanya iliyohamishwa shambani usiku huo inakua nyeusi asubuhi. Kabichi na vitunguu vinavumilia.

---

Mama Wawili Vwawa

Nina mbegu za vitunguu Red Bombay nilizonunua msimu uliopita, kopo nilifungua nikatumia nusu, lilikaa kabatini. Nizisie au nitupe?

---

Mama Trei Ilula

Usisie zote usitupe zote. Chukua mbegu kumi, au ishirini kama zinatosha, zipange kwenye kitambaa cha pamba kilicholowa, kunja, weka kwenye mfuko usikauke, kaa nacho sehemu ya joto. Angalia siku ya saba mpaka ya kumi, vitunguu ni wavivu. Zikiota nane kati ya kumi sia kawaida. Nne, sia mara mbili ya kiasi na usitegemee miche yenye nguvu. Mbili, nunua nyingine. Na hizo za zamani usiwape kuku kama zina rangi ya pinki au ya bluu, hiyo ni dawa imepakwa.

---

Mama Wawili Vwawa

Za kwangu ni za pinki. Nimeloweka ishirini saa hii, nitarudi na majibu.